Shahidi wa Dirishani

Vijana wangu wa chumba cha taarifa, mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyemaliza kazi anahitaji kujua saa. Nashukuru. Imetundikwa sebuleni kwangu hapa Kilole, Korogwe, na inakwenda mbele kidogo. Mliniomba pia niwaandikie kazi yetu ya Bungeni ilivyokuwa kabla ya mashine za kunasa sauti. Nimechelewa kwa sababu kila nilipokaa kuandika nilijiona nazungumza kama Mheshimiwa anayetafuta kura. Sasa nimeacha kujipamba, naandika tu. Vyeo vyangu mnavijua, na mishahara yangu mnaweza kuikisia, kwa hiyo hayo nayaruka.

Niliingia Bungeni Uhuru ukiwa bado mbichi. Nilikuwa msichana wa Korogwe niliyejifunza hati mkato, yaani kuandika kwa alama badala ya herufi ili mkono uende sawa na mdomo wa msemaji. Shida ni kwamba alama zile zilitungwa kwa ajili ya Kiingereza, na Waheshimiwa nao wakaanza kuchangia kwa Kiswahili. Siku yangu ya kwanza nilitoka ukumbini na kurasa zilizojaa vijiti na vipinde ambavyo mimi mwenyewe sikuweza kuvisoma. Nikampelekea mhariri wetu, Mzee Kibwana, mtu mfupi ambaye miwani yake ilishikwa na uzi mweusi.

"Binti, hapa umeandika nini?"

"Sijui, mzee."

"Vizuri. Wenzako huwa wanabuni."

Ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kuchonga penseli pande zote mbili, kukaa mahali ninapouona mdomo wa msemaji, na kuandika alichosema mtu, si alichotaka kusema. Tuliandika kwa zamu fupi, kisha mtu anakimbilia kwenye mashine ya chapa kabla alama hazijapoa kichwani, na mwenzake anashika nafasi yake. Stensili, ile karatasi ya nta, ikiharibika unaanza upya, na wino wa mashine ya kurudufu haukutoka kwenye kucha hata kwa ndimu. Kanuni kubwa ya Mzee Kibwana ilikuwa moja: mwandishi akiingia ukumbini mdomo anauacha mlangoni pamoja na mwavuli. Watu wakicheka unaandika kicheko ndani ya mabano, wakipiga makofi unaandika makofi. Wakinyamaza huandiki kitu. Nilikuja kugundua kwamba mambo mengi ya maana hutokea hapo hapo.

Uchaguzi wa siku zile lazima niueleze, maana ninyi mmezoea vyama vingi. Chama kilikuwa kimoja, lakini kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili. Kwa kuwa watu wengi hawakujua kusoma, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Walizunguka jimbo zima kwenye gari moja, wakapanda jukwaa moja, wakahutubia kwa Kiswahili tu, na ilikuwa marufuku kutaja kabila, dini au rangi ya mtu. Hebu fikirini wapinzani wawili wamebanana kwenye Landrova moja kutoka Kwamsisi hadi Kang'ata, wanagawana chupa moja ya chai na hawatazamani. Hadharani hapakuwa na nafasi ya ujanja. Ujanja ukahamia uani.

Baada ya uchaguzi mmojawapo, vijiji vya Ujamaa vikiwa vimepamba moto, malalamiko yakaanza kufika. Watu walikuwa wanalishwa viapo kura inapokaribia, wanaapishwa wachague fulani na wasimwambie mtu. Serikali ikaleta Bungeni muswada wa makosa ya uchaguzi. Mlikuwa na mambo mengi ndani yake: kupigisha watu kura mara mbili, kugawa pombe, kuwatisha wapiga kura kwenye foleni. Kilichotutoa jasho ni kifungu cha viapo. Kilisema mtu atakayemlisha mwenzake kiapo ili apige kura upande fulani, na mtu atakayekubali kulishwa, wote wawili wana hatia na watafungwa.

Wabunge wa mijini walicheka sana. Mmoja akauliza kama serikali itapeleka polisi kukamata mizimu. Niliandika kicheko mabanoni mpaka nikachoka, na nilikuwa na hasira, kwa sababu mimi nimekulia kwa watu wanaojua kiapo ni nini. Mwishowe wakakubaliana kwamba kamati iende wilayani ikasikilize wananchi, ionekane kama jambo lenyewe lipo au ni porojo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mheshimiwa Magesa, mtu wa upande wa Ziwa aliyekuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kabla ya kuingia kwenye siasa. Alikuwa mpole, mkaidi, na hakuwa na haraka na kitu chochote isipokuwa chakula cha mchana. Wajumbe wengine sitawataja, isipokuwa mmoja. Nitamwita Mheshimiwa Semkuyu. Silo jina lake, na jimbo lake silitaji. Wajukuu zake wapo na tunasalimiana vizuri. Huyu alikuwa mtu wa upande wetu, aliyeingia Bungeni kwa alama ya jembe. Mimi nilichaguliwa kwenda kwa sababu Kizigua nakijua, na penseli yangu ilikuwa imeshaizoea sauti ya Mwenyekiti.

Korogwe tulisikiliza watu wawili watatu waliosema mambo ya jumla, tukaenda Handeni, kisha tukasonga mpaka Kang'ata. Tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, Waheshimiwa wakiwa wamekunjana kwenye madawati ya watoto, magoti yanakaribia kidevu. Mheshimiwa Magesa akausoma muswada wote kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kama hakimu anavyosoma mashtaka. Kisha akauliza: je, hapa kijijini kuna mtu aliyelishwa kiapo?

"Uchaguzi ulikwenda salama," akasema wa kwanza, akakaa.

"Uchaguzi ulikwenda salama," akasema wa pili, akakaa.

Wakaendelea hivyo, wanaume kwa wanawake, kwa maneno yale yale, macho chini. Mfugaji mmoja Mmasai, aliyesimama mlangoni na fimbo yake begani, akasema wao walikuwa malishoni, hawajui ya wakulima. Mheshimiwa Semkuyu alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwandishi wa hati mkato hupenda mtu anayerudia maneno, mkono unapumzika, lakini siku ile niliingiwa na shaka. Watu wa kwetu hawakubaliani hata juu ya mvua iliyowanyeshea wote.

Alasiri nilikwenda kwenye kisima cha nyuma ya shule kunawa mikono. Mwanamke mmoja mrefu akanifuata, kanga kaifunga kiunoni kwa nguvu kama mtu anayekwenda kugombana. Akanisalimu Kizigua, akataka kujua watu wangu ni akina nani. Nilipomtajia baba yangu, Mhina wa Kilole, akauliza Mhina yupi, nikamweleza, akaridhika.

"Basi si mgeni sana," akasema. "Mimi ni Mama Hadija. Yule mzee wenu wa Ziwa amesoma kwamba aliyelishwa kiapo naye anafungwa. Nimesikia sawasawa?"

"Umesikia sawasawa, mama."

"Wenzangu hawakusikia. Walikuwa wanaangalia viatu vya Waheshimiwa."

Akanisimulia akiwa amesimama. Siku mbili kabla ya kura alikwenda nyumbani kwa binti yake, Hadija, kumwona mjukuu. Alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa fito, aliposikia watu wanajaa uani, akachungulia. Mume wa Hadija, Athumani, ndiye aliyekuwa anaongoza kampeni za jembe pale kijijini. Alilaza jembe mlangoni, juu yake kaweka udongo uliotoka makaburini. Kila mtu akavuka lile jembe, akainama akalamba ule udongo, akasema: nikigeuka udongo huu unile, nikitoa siri udongo huu unile. Hadija alilamba baada ya mama wa Athumani.

"Na wewe, mama? Hukulambishwa?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyelelewa mjini. "Na nani? Yeye mkwe wangu, anisogezee jembe mdomoni?"

Kwa wasiojua: kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakutani uso kwa uso, hawali pamoja, hawatajani majina. Ikibidi wasemezane, lazima kuwe na mlango au ukuta katikati. Athumani alijua mama mkwe wake yuko jikoni na hakuthubutu kwenda. Na hakuna mtu uani pale ambaye angemtuma mwingine aende, kwa kuwa ingekuwa ni kumtajia Athumani mama mkwe wake mbele ya watu. Kijiji kizima kikafungwa mdomo, akaachwa mtu mmoja, na aliachwa kwa sababu ya adabu.

"Tangu siku ile mwanangu hana raha," Mama Hadija akasema. "Mtoto akikohoa, anatazama ardhi. Hasemi. Nami nimechoka kumwona hivyo. Lakini nikisimama pale kesho nikasema, atakwenda jela?"

Nilitamani sana kumwambia hapana. Sikuwa na uwezo wala haki ya kusema hivyo. Nikamwambia amuulize Mwenyekiti mwenyewe, mbele ya watu, ili jibu liandikwe.

"Na wewe ndiye unayeandika?"

"Ndiye mimi."

"Haya," akasema, akaondoka.

Kijijini hakuna siri ya kisimani. Asubuhi yake Mheshimiwa Semkuyu alinikuta napanga penseli.

"Bi Mhina, nimesikia jana ulipata ndugu."

"Handeni nzima ni ndugu zangu, Mheshimiwa," nikamjibu. "Hata wewe."

Alicheka, na kicheko chake kilinitia hofu. Akatoka nje, akarudi amemshika mkono kijana mmoja mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, akamketisha kwenye dawati la mbele kabisa, akitazamana na kiti cha shahidi. Akamweleza Mwenyekiti kwamba huyu Ndugu Athumani ni kiongozi wa kijiji na anastahili kukaa mbele. Mwenyekiti akasema karibu Ndugu, hakuona ubaya wowote. Wenyeji wote waliona.

Mama Hadija akafika mlangoni. Alipomwona aliyeketi mbele, akajivuta kanga usoni, akageuka, akatoweka. Athumani naye alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtoka. Nilimwonea huruma kidogo; hakuzaliwa kuwa mtego wa mtu.

"Ndugu Mwenyekiti," Mheshimiwa Semkuyu akasimama, "shahidi amekimbia. Naomba iandikwe kwamba Kang'ata hapana kiapo, ila umbeya wa wanawake."

Ncha ya penseli yangu ilikatika. Sijawahi kuuhisi mdomo wangu ukiwa mzito kama siku ile. Nilijua kilichofanyika, Semkuyu alijua kwamba najua, na Mwenyekiti wa Ziwa hakujua kitu. Mambo ya mkwe kwao hayako kama kwetu. Na mimi sikuruhusiwa kusema neno.

Ndipo ikasikika sauti nyuma ya Mwenyekiti, kwenye dirisha.

"Sijakimbia. Nipo hapa."

Mheshimiwa Magesa akageuka. Dirisha halikuwa na kioo, na aliyezungumza alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta kwa nje. Hakuonekana.

"Ingia ndani, mama."

"Siingii. Lakini nasikia vizuri, na sauti ninayo."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha woga. Mheshimiwa Semkuyu akapiga dawati. Shahidi lazima aonekane, akasema, hii kamati si baraza la wachawi, nani anajua anayesema huko nje ni nani? Mimi nikainuka, nikabeba kigoda changu, nikaenda kuketi chini ya dirisha.

"Bi Mhina, unakwenda wapi?" akauliza Mwenyekiti.

"Ndugu Mwenyekiti, siwezi kuandika nisichokisikia."

Hilo liliruhusiwa. Lilikuwa jambo la kazi. Mwenyekiti akaniangalia, akaliangalia dirisha, akamwangalia Athumani aliyekuwa bado ameinama, kisha akawauliza watu: "Kuna kitu mnanificha?"

Hakuna mkulima aliyejibu. Aliyejibu ni yule mfugaji wa mlangoni. "Mzee, huyo mliyemweka mbele ni mkwe wake. Mmemfungia mama yule mlango, na hamjui kama mmeufunga."

Mheshimiwa Magesa akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Nilidhani atauliza maswali zaidi. Akasema tu kwamba kamati si mahakama, imetumwa kusikiliza, na kusikiliza ni kwa masikio. "Endelea, mama."

"Kwanza nikuulize mimi," ikasema sauti. "Aliyelamba udongo atafungwa?"

"Muswada ulivyo sasa, ndiyo."

Nilisikia mgongo wake ukisugua ukuta upande wa pili, karibu na bega langu.

"Na wewe mwenyewe unaonaje?"

"Mimi naona si haki, na nitasema hivyo Bungeni. Lakini sitaki kukudanganya, mama. Bunge ni la watu wengi. Naweza kushindwa."

Mama Hadija angeweza kuondoka hapo, na mimi ningemwelewa.

"Nisiposema, mwaka mwingine watamlambisha na mjukuu wangu," akasema. "Andika, binti."

Akasema yote. Jembe, mlango, makaburi, maneno ya kiapo. Sauti yake haikutetemeka. Alipofika kwa Hadija alisema: "Na mwanangu alilamba, kwa kuwa angekataa angelala wapi?" Kisha akamaliza.

Mheshimiwa Semkuyu hakukubali kushindwa. "Nani aliyeshika hilo jembe? Mtaje!"

"Hilo hutalisikia kinywani mwangu."

"Ndugu Mwenyekiti, ushahidi usio na jina ni hewa!"

"Kamati haikuja kutafuta mtu," akasema Mheshimiwa Magesa. "Imekuja kujua kama jambo linatokea. Sasa tumejua." Athumani akainuka, akapita katikati ya madawati bila kumwangalia mtu, akatoka. Nje alizungukia upande wa pili wa jengo ili asipite mbele ya mama mkwe wake. Hata siku ile, adabu hakuiacha.

Tulirudi Dar es Salaam. Kabla Bunge halijakaa, dada yangu wa Kilole alikuja mjini na habari za Handeni. Athumani alikuwa amemrudisha Hadija kwao pamoja na mtoto, akamwambia aende akakae na mama yake msemaji. Hadija alikwenda, na tangu aingie ile nyumba hajamwambia mama yake hata neno moja. Anapika, anateka maji, anamwogesha mtoto, anakaa. Niliumia. Yule mama aliweka nyumba ya binti yake rehani kwa sheria ambayo haijapitishwa, na aliyemwambia akaulize mbele ya watu ni mimi.

Siku ya kifungu cha viapo nilikuwa na zamu ya kwanza. Mzee Kibwana alinitazama mikono, akasema atanishikia zamu. Nikakataa. Akavuta kiti, akakaa nyuma yangu na penseli yake tayari, jambo ambalo mhariri hakuwa na lazima kulifanya.

Mheshimiwa Magesa akasoma taarifa ya kamati, pamoja na maneno ya Mama Hadija kama nilivyoyaandika. Safari hii sikuwa na kicheko cha kuandika. Kisha akaleta marekebisho yake: aliyelisha kiapo afungwe, aliyelishwa asiwe na hatia. Nilitegemea Mheshimiwa Semkuyu atasema viapo ni porojo. Mtu yule alikuwa na akili kuliko nilivyodhani. Alisimama akasema anashukuru kamati kwa kumfumbua macho, viapo ni aibu kwa taifa linalojenga Ujamaa, na kwa hiyo kifungu kisilegezwe hata kidogo. "Mheshimiwa Spika, mtoa rushwa na mpokea rushwa wote tunawafunga. Kwa nini huyu mlamba udongo tumbembeleze? Ni mtu mzima! Tuwafunge wote!"

Makofi yalitikisa ukumbi, nami nilipaswa kuyaandika. Niliyaandika. Wale waliocheka mwanzo ndio waliopiga kwa nguvu zaidi, walitaka kufuta kicheko chao. Nilihesabu moyoni: ikipita hivi, Hadija anafungwa, jirani zake wanafungwa, na atakayekuja kuwafunga minyororo atasema ni kwa maneno ya mama yake.

Mheshimiwa Magesa hakuwa msemaji hodari. Alisimama polepole. "Mpokea rushwa anakunja mkono ukiwa na kitu ndani," akasema. "Aliyelamba udongo wa makaburi alipata nini? Na mkishawafunga hao, nani atakuja kutuambia? Mwenye jembe atabaki uraiani, kijiji kizima kikimlinda kwa kuogopa jela. Aliwafunga mdomo kwa udongo, sisi tutawafunga kwa sheria. Mheshimiwa Spika, tutakuwa tumemsaidia kulisha kiapo."

Spika akawahoji wabunge. Waliosema ndiyo walipaza sauti, waliosema siyo wakapaza zaidi, au hivyo niliogopa. Spika akasema hakusikia vizuri, wanaoafiki wasimame wahesabiwe. Nikaacha kuandika, hapakuwa na cha kuandika. Waliinuka wachache, kisha wengine, wakisitasita. Yule aliyeuliza habari za polisi kukamata mizimu alibaki ameketi, akamwangalia Mheshimiwa Semkuyu, akainuka. Wakaketi, wakasimama wasioafiki. Katibu alihesabu mara mbili, maana tofauti ilikuwa ndogo. Marekebisho yakapita. Mzee Kibwana akanigusa bega, akaniambia nitoke nje nikalie, yeye ataandika yanayofuata. Nikatoka, nikalia.

Sheria ilipochapishwa nikaomba likizo. Nilipanda basi hadi Korogwe, kisha Handeni, nikapata lori la mahindi mpaka njia panda, nikamalizia kwa miguu. Mama Hadija alikuwa uani anapepeta. Hadija alikuwa amekaa kizingitini na mtoto mgongoni, msichana mwembamba, akanipa shikamoo kwa sauti ya chini ambayo karibu nisiisikie. Kumbe kimya chake hakikuzuia salamu kwa wageni. Mama yake aliongea peke yake, akiuliza na kujijibu kama mtu aliyezoea kuishi na ukuta.

"Umekuja na habari au umekuja kututazama?"

"Nimekuja na habari, mama."

Nikatoa nakala ya sheria, nikawasomea kifungu chote, na pale kinaposema kwamba mtu aliyelishwa kiapo hatakuwa na hatia yoyote. Mama Hadija aliacha kupepeta. Alimtazama binti yake.

"Soma tena," Hadija akasema.

Nikasoma tena.

"Yoyote?"

"Yoyote."

Akamshusha mtoto mgongoni, akampakata. Nilidhani amemkasirikia mama yake miezi yote ile, na nadhani hata mama yake alidhani hivyo. Haikuwa hasira.

"Mama," akasema, "mimi kura yangu niliweka kwenye nyumba."

Mama Hadija akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama, ungo mkononi. Mtoto alikuwa anavuta kanga ya mama yake, mzima, mnene, ana pua inayotiririka kama watoto wote.

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Nimekuwa nangoja udongo ule unile."

Mama Hadija akainuka, akaenda kwenye mtungi, akachota maji kwa kata, akamletea binti yake.

"Sukutua mwanangu," akasema, "kisha tule."

Hadija akasukutua, akatema ardhini, akaangalia mahali maji yalipoingia. Akaomba kata nyingine.